Siku nane nikifuata madohani ya Norman Shaw

Siku ya kwanza, Jumatatu. London

Ukutani kwa ofisi yangu pale Tabata kuna karatasi ya fotokopi iliyogeuka rangi ya manjano. Mwalimu wetu wa historia ya usanifu alitugawia chuoni. Wenzangu walifungia maandazi, mimi nikaitunza. Ni mchoro wa kalamu na wino: jumba kubwa limezunguka ua, juu ya mwamba, limechorwa kama mwewe anavyoliona kutoka angani. Mapaa yanapandana. Madohani, yale mabomba ya matofali ya kutolea moshi, yamesimama marefu kama minazi. Chini pana jina la nyumba, Leyswood, na jina la msanifu, R. Norman Shaw, aliyejenga Uingereza karne ya 19. Miaka 19 nimechorea watu nyumba huku karatasi hiyo iko nyuma ya kiti changu.

Mwaka huu Dada, ambaye ni nesi huku, alinitumia mwaliko, viza ikatoka, nikajiambia huyu mzee nitamtafuta hadi kwake. Dada alicheka hadi akakaa chini. "Yaani umetoka Bongo kuja kuangalia nyumba za watu, na nyumba ya baba Korogwe haijapigwa lipu?" Sikuwa na jibu. Akaenda zake zamu, nami nikapanda treni ya chini ya ardhi hadi South Kensington.

Nimeanza na Lowther Lodge, karibu na Royal Albert Hall. Shaw aliijenga kati ya 1873 na 1875 kwa ajili ya mbunge mmoja, William Lowther. Kazi ya Shaw ilikuwa majumba ya mashambani, yale ya matajiri wenye ardhi na misitu, na hapa alichukua jumba la aina hiyo akalitua mjini: matofali mekundu tupu, mapaa ya pembe tatu, madohani ya kutosha kuliona kutoka ng'ambo ya bustani. Tangu 1913 ni makao ya Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia. Nimesogea hadi pua inakaribia kugusa ukuta. Matofali ya urembo yamechongwa na kusuguliwa, na chokaa kati yake ni mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Fundi wangu mmoja wa Goba angeuona mstari ule angeniuliza saruji imeibwa na nani.

Kwenye kishubaka cha ukuta amesimama Livingstone wa shaba. Sanamu iliwekwa 1953, miaka mingi baada ya Shaw kumaliza kazi yake. Nimewaza tu kwamba mwaka wa kuanza ujenzi huu, 1873, ndio mwaka aliokufa kule kwa Chitambo, na Susi na Chuma wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Hao hawana kishubaka hapa barabarani.

Usiku ujumbe umeingia. Ni mzee wangu wa Kinyerezi, mteja wa tangu 2016. Tulianza na vyumba vitatu na sebule. Ikaja stoo, ikaja nyumba ya nyuma, ikaja gereji. "Injinia, habari za Ulaya. Nimewaza. Hapo juu ya gereji tukipandisha vyumba viwili vya wajukuu?" Nimemjibu shikamoo, nikamwomba tuongee nikirudi.

Siku ya pili, Jumanne. Hampstead

Leo nimekwenda nyumbani kwake hasa, Ellerdale Road, mtaa wa mlima mlima kaskazini mwa London. Aliijenga mwenyewe katikati ya miaka ya 1870, akaishi humo hadi alipokufa Novemba 1912. Ina watu wake, kwa hiyo nimesimama ng'ambo ya barabara kama dalali asiye na funguo.

Madirisha ya mbele hayakai usawa mmoja. Moja refu, jingine fupi, jingine limejipachika mahali ambapo ukihesabu ghorofa hupati hesabu. Ukijua sababu unatabasamu. Chumba cha kulia chakula kilikuwa na meko yaliyoingia ndani ukutani, yenye dari lake la chini, watu wanakaa humo pembeni ya moto. Juu ya dari hilo palibaki nafasi, na hapo ndipo Shaw alipojitengenezea kijichumba cha kuchorea, anapanda kwa ngazi yake mwenyewe. Kelele za watoto chini, yeye juu ya moto, anachora majumba ya mabwana. Mimi nachorea kwenye meza ya chakula wenzangu wakishalala, kwa hiyo wivu umenishika.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1831. Baba alikufa yeye akiwa mdogo, wakahamia London, na kijana akaingia kwenye ofisi ya William Burn, Mskoti mwenzake. Burn ndiye aliyekuwa na soko la majumba ya mashambani wakati ule, aliyashughulikia kwa mamia, na umaarufu wake ulikuwa kwenye mpangilio: mabwana wasikutane na watumishi kwenye korido, chakula kifike kikiwa moto bila harufu ya jiko kufika sebuleni, mgeni akichungulia dirishani asione nguo zinaanikwa. Tena alikuwa msiri. Ramani za wateja wake hakutaka zichapwe popote. Baadaye Shaw alikaa na George Edmund Street, bingwa wa makanisa, akafungua ofisi pamoja na rafiki yake William Eden Nesfield.

Kwa Burn alijifunza kupanga nyumba, ila ule usiri hakuuchukua. Shaw alichora majumba yake kwa wino, michoro mikubwa yenye miti na mawingu, akaitundika kwenye maonyesho ya Royal Academy, chama cha wasanii cha London, na magazeti ya ujenzi yakaichapa. Matajiri wakaona. Ni kama leo kijana anavyorusha picha za nyumba za kompyuta kwenye WhatsApp, zenye gari jekundu mlangoni na mzungu anatembeza mbwa, na kiwanja chenyewe kiko Chanika kina mihogo. Tofauti ni kwamba nyumba za Shaw zilijengwa zikafanana na michoro.

Jioni nimeenda makaburini, kanisa la Mtakatifu Yohana la Hampstead, alikozikwa. Constable, yule mchoraji wa mandhari, naye amelala humo.

Siku ya tatu, Jumatano. Groombridge

Siku niliyoisubiri miaka 19, na mvua ikaisubiri pamoja nami.

Treni hadi Tunbridge Wells, kisha basi hadi kijiji cha Groombridge, mpakani mwa Kent na Sussex. Kijiji chenyewe ni somo. Nyumba nyingi za zamani za huku zimevalishwa vigae ukutani, siyo paani peke yake. Kila kigae kimening'inizwa juu ya mwenzake kama magamba ya samaki, mvua ikipiga inateleza hadi chini. Shaw na Nesfield walizunguka sehemu hizi wakiwa vijana na madaftari yao, wakichora nyumba za wakulima ambazo wasanifu wakubwa hawakuzitazama mara mbili. Vigae vya ukutani, madohani ya matofali, madirisha mapana yaliyogawanywa kwa nguzo ndogo, mbao nyeusi kwenye kuta nyeupe. Wakavichukua vile vitu vya mkulima wakavipandisha cheo hadi nyumba za mabwana. Mtindo huo ukaitwa Old English, yaani wa Uingereza ya kale, na fedha ikaingia.

Nyumba mbili za kwanza kubwa za Shaw ziko hapa, zote za kuanzia 1866. Glen Andred alimjengea mchoraji wa bahari na meli, E. W. Cooke. Leyswood alimjengea ndugu yake aliyekuwa kwenye biashara ya meli. Kaka yake Shaw alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya meli ya Shaw Savill, na kazi za mwanzo zilipita mle mle, undugu na meli. Hilo halinishangazi. Nyumba yangu ya kwanza kuichora ilikuwa ya mjomba, na hajanilipa hadi leo.

Nimetembea kwenye njia ya miguu, viatu vimejaa tope, karatasi yangu ndani ya mfuko wa nailoni. Nilijua kabla ya kuja kwamba Leyswood sehemu kubwa ilibomolewa katikati ya karne ya 20, ukabaki mnara wa lango na vipande vingine, na kwamba ni mali ya watu. Kujua na kusimama pale ni mambo mawili. Geti limefungwa. Miti imeshiba mvua. Nimeona ncha ya paa juu ya majani, au pengine lilikuwa paa la mtu mwingine kabisa. Mama mmoja mwenye mbwa wawili amenisalimu, akaniuliza nimepotea. Nimemtolea fotokopi yangu. Ameitazama muda mrefu, matone yakidondoka kwenye kofia yake, akasema ameishi hapa miaka mingi na hajawahi kuiona nzima namna hii.

Ua lote, mapaa yote, dohani moja moja: vyote vipo Tabata, ukutani, na hapa vimebaki nusu. Nimekula sandwichi kituoni, nimelowa hadi soksi.

Siku ya nne, Alhamisi. Harrow Weald

Mafua. Dada amenipa dawa na amri ya kukaa ndani, nimekaa hadi saa sita mchana. Kisha nimetoroka hadi Grim's Dyke, ambayo sasa ni hoteli, maana hoteli hufukuzwi ukinunua chai.

Shaw aliijenga 1870 hadi 1872 kwa mchoraji Frederick Goodall. Chumba cha kuchorea kimekatwa mshazari na nyumba, ukitazama ramani utadhani mtu aliusukuma mkono wa msanifu. Mchoraji alitaka mwanga wa kaskazini usiobadilika, basi chumba kikageukia mwanga na nyumba ikabaki na mwelekeo wake. Wengi wetu tungenyoosha ili karatasi ipendeze. Baadaye nyumba ilinunuliwa na W. S. Gilbert, mtunzi wa michezo ya kuimba, naye alikufa hapa hapa mwaka 1911, ziwani bustanini, alipoingia majini kumsaidia msichana aliyekuwa anazama.

Chai ghali.

Siku ya tano, Ijumaa. Kuelekea kaskazini

King's Cross hadi Newcastle, mwendo wa saa tatu hivi. Dirishani mashamba ya kijani, kondoo, minara ya makanisa, kondoo tena.

Newcastle nimeshuka moja kwa moja hadi mtoni, kwenye mto Tyne, kuona daraja la Swing Bridge la 1876, lililojengwa lizunguke katikati ili meli ipite. Ni kazi ya kampuni ya William Armstrong, na Armstrong ndiye mteja ninayemfuata kesho. Huyu alianza kama wakili. Akapenda maji kuliko mashauri: akabuni winchi za bandarini zinazonyanyua mizigo kwa msukumo wa maji, akaacha uwakili, akajenga kiwanda Elswick, magharibi kidogo ya hapa. Wakati wa vita vya Crimea akatengeneza mzinga mpya, na hapo ndipo utajiri ulipokuwa utajiri. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mizinga yake ilikwenda pande zote mbili. Nyumba nitakayoiona kesho imetokana na fedha hiyo. Nasema mapema, maana najua nikiingia ndani nitasahau.

Ni saa nne usiku na nje bado kweupe. Nimeswali Isha nikichungulia dirishani kama mtu anayewahi.

Siku ya sita, Jumamosi. Cragside

Basi kutoka Newcastle limepita Morpeth, likaingia milima ya Northumberland hadi Rothbury. Kutoka kijijini nimepanda kwa miguu. Njia imezingirwa na miti mirefu ya misonobari na vichaka vya maua ya zambarau. Haya yote yalipandwa. Armstrong aliponunua hapa mwaka 1863 palikuwa mlima wa mawe na majani, akajenga kibanda cha kuwindia na kuvulia samaki, cha kawaida kabisa.

Kisha akaanza kuongeza.

Mkondo uliowakutanisha unafurahisha. Armstrong alikuwa na jumba la karamu Jesmond, Newcastle, akanunua picha kubwa ya mchoraji J. C. Horsley isiyoenea ukutani. Horsley alikuwa mteja wa Shaw. Basi Shaw akaitwa kuongeza chumba ili picha ipate pa kukaa, na mwaka 1869 akaalikwa huku mlimani. Inasimuliwa kwamba wageni walitoka kwenda kuwinda, Shaw akabaki na penseli, na waliporudi jioni rasimu ya nyumba nzima ilikuwa tayari mezani.

Nzima ya siku ile, maana Armstrong aliendelea kuongeza kwa miaka 15. Kwanza ukaja upande wa maktaba na chumba cha kulia. Kisha mnara. Kisha ukumbi mrefu wa picha. Mwishoni, hadi 1884, sebule kubwa. Kila mara mteja anaamka na wazo, msanifu anapanda treni.

Nimeiona kwanza kutoka chini, bondeni, karibu na daraja la chuma linalovuka kijito cha Debdon. Nimejaribu kuhesabu mapaa nikaishia njiani. Nyumba imepanda juu ya mwamba kama mbuzi. Hapa jiwe, pale mbao nyeusi na nyeupe, huku mnara, kule madohani. Hakuna mahali inapojifanya ilizaliwa siku moja. Kila nyongeza imepewa paa lake na kimo chake, na macho yako yanapanda kutoka moja hadi jingine bila kuuliza ipi ilitangulia. Nimekaa kwenye jiwe nikamfikiria mzee wa Kinyerezi. Nyongeza zake zote nimekuwa nikizibana chini ya paa lile lile la kwanza, nikilivuta kama shuka fupi, hadi limekuwa mlalo usiomwaga maji vizuri.

Kuhusu zile mbao, nina neno. Northumberland ni nchi ya mawe, nyumba za mbao nyeusi na nyeupe si mila yake. Shaw alizibeba kutoka kusini akazibandika huku, na hazibebi jengo. Ni urembo, ukoo mmoja na nguzo za plasta zinazosimama mbele ya nyumba zetu za Mbezi. Wapo waliomsema kwa hilo, na mimi nilikuja tayari kumsema. Ila nikitazama pale juu ambapo ukuta wa mawe unachoka na zile mbao zinaupunguzia uzito machoni, nimenyamaza.

Ndani. Chumba cha kulia kina lile wazo la Ellerdale Road kwa kipimo cha bilionea: meko ndani ya upinde wa jiwe, mabenchi mawili pembeni, vioo vya rangi vya kampuni ya William Morris vinavyoingiza mwanga kando ya moto. Juu yake yamechongwa maneno ya Kiskoti yenye maana kwamba mashariki au magharibi, nyumbani ndiko kuzuri. Ipo picha ya rangi ya Armstrong amekaa hapo hapo, ndara miguuni, gazeti mkononi, mbwa wawili miguuni pake. Mfanyabiashara wa mizinga anapumzika. Nimesimama mbele ya picha ile muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Jikoni kuna mashine ya kugeuza nyama motoni kwa nguvu ya maji na lifti ya maji ya kupandishia vyakula. Chini ya maktaba kuna hamamu ya Kituruki. Na umeme! Mwaka 1878 Armstrong alifunga dainamo inayozungushwa na maji ya ziwa alilolizuia mwenyewe, akawasha taa moja kali kwenye ukumbi wa picha. Mwaka 1880 akaleta balbu za rafiki yake Joseph Swan wa Newcastle. Ndiyo nyumba ya kwanza duniani kuwashwa umeme wa maji. Maktabani mlinzi wa National Trust, shirika la kutunza majumba ya kale, ambao wanaimiliki tangu 1977, ametuonyesha taa zilizokaa juu ya vyungu vya shaba vyenye nakshi. Hazikuwa na swichi. Umeme uliingia kwenye kikombe cha zebaki chini ya kitako, ukapanda kwa waya ndani ya chungu, ukarudi kupitia shaba ya chungu chenyewe. Ukitaka kuzima unanyanyua chungu. Mtoto mmoja wa Kizungu akauliza, "Na ukipigwa shoti?" Mlinzi akacheka bila kujibu.

Ghorofani kuna chumba walicholala Mwanamfalme wa Wales na mkewe, Agosti 1884. Mbao za kitanda ni jozi nyeusi ya Marekani, na kwenye nguzo zake wamekaa mabundi wa kuchongwa. Mabundi! Kwetu bundi akitua paani usiku mmoja tu watu wanatafuta shekhe, na hawa wamemlaza mfalme mtarajiwa katikati ya mabundi, akaamka salama, akaja kutawala.

Mwisho sebule ya 1884, iliyokamilishwa kwa ajili ya ugeni huo. Mwanga unashuka kutoka juu ya paa, na ukuta wa mwisho wote ni meko ya marumaru, makubwa kama chumba, yamejaa malaika na maua. Aliyeyachora ni W. R. Lethaby, kijana wa ofisini kwa Shaw. Inasemekana yana uzito wa tani 10, na yamekalia mwamba wenyewe wa mlima, sakafu isingeyabeba. Wenzangu wa ziara walishika midomo. Mimi sikuyapenda. Chumba cha kulia kinakukaribisha, hiki kinakuhesabia fedha. Lakini msanifu hakatai kila kitu. Naandika hivi nikiwa na nyumba moja Madale yenye simba wanne wa saruji getini, na ramani yake ina muhuri wangu.

Nimeshuka kijijini, nikapita makaburini ambako Armstrong amezikwa tangu mwisho wa 1900, nikakaa sana, na basi la mwisho likaniacha likiwa mbele ya macho yangu. Nimelikimbilia na begi, dereva hakunitazama. Mzee mmoja na mkewe waliokuwa wanapakia maua kwenye gari wamenichukua hadi stesheni ya Morpeth. Njia nzima mkewe ameniuliza kama Tanzania kuna vichaka vile vya maua ya zambarau. Nimemwambia tuna mijakaranda, na ikipukutika barabara inakuwa zambarau. Amefurahi sana kwa jambo ambalo sina mchango wowote.

Siku ya saba, Jumapili. Chesters

Miguu inauma. Treni hadi Hexham, basi hadi Chollerford, kwenye ngome ya Warumi ya Chesters, sehemu ya ukuta wa Hadrian. Watu huja kwa Warumi. Mimi nimekaa kwenye mawe ya Warumi nikatazama upande wa pili, kwenye jumba.

Shaw alilipanua kuanzia 1891, mara baada ya kufa John Clayton, tajiri aliyetumia maisha yake kuufukua na kuununua ukuta huu kipande kwa kipande. Ungeambiwa ni msanifu mwingine. Hakuna mbao, hakuna vigae vya ukutani, hakuna kupandana. Nguzo za jiwe, mabawa yaliyopinda, kila kitu kimetulia na kupimana. Hakuna hata miaka 10 kati ya sebule ya Cragside na hili. Nesfield alikwisha kufa, vijana wa mjini walikuwa wakiiga madohani ya Shaw kila kona, na mwenyewe alikwisha ondoka pale walipomfuata.

Muda si mrefu baadaye alijitoa kwenye kazi za kila siku, afya ikiwa haimruhusu. Kati ya majumba yake, Bryanston kule Dorset na Adcote kule Shropshire yakawa shule. Dawpool, alilomjengea Thomas Ismay mwenye meli za White Star, lilibomolewa 1927, na moja ya meko yake sasa ni sehemu ya mbele ya jengo la kuba kule Portmeirion, Wales. Meko yamegeuzwa mlango wa mbele. Ningelipa nauli kuyaona, kama ingebaki.

Siku ya nane, Jumatatu. London

Kesho ndege. Leo nimetembea tu ukingoni mwa Thames hadi yale majengo mawili yenye mistari ya matofali mekundu na mawe meupe, karibu na daraja la Westminster. La kwanza alilijengea polisi, New Scotland Yard, 1887 hadi 1890, na granito ya chini ilichimbwa na wafungwa wa Dartmoor. Sasa zimo ofisi za wabunge na yanaitwa kwa jina lake. Ukiyatazama pembeni unaona ni jumba la mashambani lililovaa sare: minara ya pembeni, paa kali, na madohani, ya kutosha kijiji. Hayatoi moshi tena. Njiwa wamekaa juu yake.

Dada ametoka zamu saa mbili asubuhi akanikuta nimetandaza karatasi kwenye meza ya jikoni, vikombe nimevisukuma pembeni. Ramani ya Kinyerezi. Lile paa la zamani nimeliachia, nikalirudisha lilivyokuwa 2016, dogo na la haki. Vyumba vya wajukuu juu ya gereji nimevipa paa lao, la mgongo mwingine, limepanda juu kidogo ya nyumba, na kati yake nimeacha mfereji mpana wa maji. Nimechora kwa kalamu, siyo kompyuta, nikaweka na mwembe wa mzee pale ulipo. Dada ameegemea mlango, bado na koti la kazi.

"Hii ndiyo ya baba?"

"Hapana. Ya mteja."

"Ya baba lini?"

Nimeupiga picha mchoro nikamtumia mzee. Amejibu kabla maji ya chai hayajachemka.

"Injinia, nimeipenda sana, hadi mama ameipenda. Sasa hapo chini ya paa dogo, kwenye kona, hatuwezi kubana choo?"